Bati Lisilo Bati

Somo la maada hufundishwa mapema katika kemia ya sekondari, na kwa sababu hiyo watu wengi hulidhania kuwa somo jepesi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hutakiwa kueleza maana ya maada, kutaja hali zake, kutofautisha badiliko la kiumbo na badiliko la kikemia, na kuvigawa vitu katika mafungu ya elementi, kampaundi na mchanganyiko. Akiyakariri hayo vema, hupata alama zake. Lakini akipewa kijiwe cheusi kilichookotwa mtoni na kuulizwa ni kitu gani, mara nyingi hana la kusema, maana hakufundishwa kukihoji kijiwe. Amefundishwa kukumbuka majina. Kasoro hiyo yafaa irekebishwe, na mahali pazuri pa kuonyesha njia ya kuirekebisha ni katika vilima vya Kagera.

Kata ya Mabira imo katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Ni nchi ya migomba na mibuni. Aidha, wilaya hiyo ina madini ya bati, ambayo yamekuwa yakichimbwa tangu enzi ya utawala wa Waingereza. Miamba yake ni sehemu ya ukanda uitwao Karagwe–Ankole, unaoenea hadi Rwanda, Burundi na kusini mwa Uganda, na ambao hutoa pia madini ya wolframu na tantali.

Hapo ndipo jina linapoanza kumpotosha mwanafunzi. Aambiwapo kwamba wilaya yake inachimba bati, hutazama juu ya paa la darasa. Mabati ya nyumba, hata hivyo, hayana bati. Ni mabamba ya chuma yaliyopakwa zinki, au zinki pamoja na alumini, ili yasishike kutu upesi. Bati lenyewe, yaani elementi ya metali yenye alama Sn, hupatikana zaidi katika utando mwembamba unaopakwa makopo ya vyakula, na katika risasi ya kulehemia nyaya za redio. Kwa hiyo kitu kinachoitwa bati si bati, na bati la kweli limejificha katika kitu kiitwacho kopo. Nalo jiwe linalochimbwa Kyerwa na kuitwa bati si metali hiyo bado. Ni kasiteriti, kampaundi ya bati na oksijeni.

Vitu vitatu vinabeba jina moja. Ni nini basi kitakachovitenganisha? Ni tabia zake. Metali ya bati ni nyeupe kama fedha, ni laini, hupindika kwa mkono ikiwa nyembamba, na huyeyuka kwa joto la nyuzi za Sentigredi 232 tu. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420, na chuma kwa nyuzi 1538. Kasiteriti ni ya kahawia au nyeusi, ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, wala haipindiki. Ikipigwa nyundo hupasuka. Mwenye kuzijua tabia hizi hadanganywi na jina.

Mchimbaji mdogo wa Kyerwa huitumia elimu hiyo kila siku, ingawa pengine hakuisoma darasani. Hutia mchanga na maji katika karai, akalizungusha na kulitikisa. Mchanga wa kawaida, ambao zaidi ni kwatsi, una uzito wa gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo. Kasiteriti ina gramu 7 hivi. Maji huuchukua mchanga mwepesi, na punje nzito hubaki chini. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa katika karai lile. Kasiteriti ilikuwamo tangu mwanzo, na kwatsi ilikuwamo. Vimetengana tu kwa tofauti ya uzito. Huo ndio mchanganyiko, na hilo ndilo badiliko la kiumbo. Mwanafunzi aliyeliona karai likifanya kazi hana haja ya kukariri maelezo hayo.

Lakini maji hayawezi kuitoa oksijeni ndani ya kasiteriti, hata karai lizungushwe mwaka mzima. Ili bati lipatikane, kasiteriti hupashwa moto mkali pamoja na makaa. Kaboni ya makaa huinyang'anya kasiteriti oksijeni yake, gesi huondoka, na metali ya bati hutiririka. Kilichoingia tanuruni ni kitu cheusi kigumu; kilichotoka ni kitu cheupe laini. Tabia zimebadilika kwa sababu kitu chenyewe kimebadilika. Hilo ndilo badiliko la kikemia, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mchanganyiko na kampaundi.

Elimu ya namna hiyo si ngeni Kagera. Wafuaji wa chuma wa Buhaya walitumia kaboni kuitoa oksijeni katika mawe ya chuma kwa matanuru ya udongo na viriba, na mabaki ya kazi hiyo katika eneo hilo yana umri wa miaka 2,000 hivi. Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake katika jarida la Science. Mwalimu afundishaye badiliko la kikemia huko anafundisha jambo ambalo mababu wa wanafunzi wake walilitenda.

Faida ya kulijua jambo hili haiishii darasani. Uzito wa atomi ya bati ni 118.7, na wa atomi mbili za oksijeni ni 32. Kwa hiyo katika uzito wa 150.7 wa kasiteriti, bati ni 118.7, yaani asilimia 78.8. Kiwango hicho hakibadiliki, iwe kasiteriti imechimbwa Kyerwa au Bolivia, kwa kuwa kampaundi ina uwiano wake uliowekwa na maumbile. Mchanganyiko hauna sheria hiyo. Gunia moja laweza kuwa na mchanga mwingi na jingine mchache. Basi kijana anayeuza kilo 100 za madini, akaambiwa kwamba yana bati asilimia 60, aweza kukadiria mwenyewe kuwa kasiteriti humo ni kilo 76 hivi, na kilo 24 ni vitu vingine. Atajua kwamba kuosha tena kwaweza kuliongezea gunia lake thamani. Atajua pia kwamba hakuna kasiteriti iwezayo kuwa na bati asilimia 85, na kwamba anayedai hivyo ama hajui kupima au hasemi kweli. Hesabu hiyo ni ya Kidato cha Pili. Asiyeijua hana budi kuukubali kila upimaji wa mwenye mizani.

Hata hivyo, uzito peke yake hautoshi. Wolframu na tantali nazo huacha punje nyeusi nzito katika karai. Hapa mwanafunzi hujifunza kwamba kitu hakitambuliwi kwa tabia moja, bali kwa tabia kadhaa zikikubaliana. Sumaku huvuta baadhi ya punje za chuma na kuziondoa. Kisha kuna jaribio la zamani la watafutaji wa madini: punje huwekwa juu ya zinki na kumwagiwa asidi hafifu ya hidrokloriki. Baada ya dakika chache punje ya kasiteriti hupata utando wa kijivu, na ukisuguliwa kwa kitambaa hung'aa. Huo utando ni bati. Kwatsi haifanyi hivyo. Zinki na asidi hiyo ndizo zitumikazo shuleni kutengenezea hidrojeni, na zinki ndiyo ile ile iliyopakwa mabati ya paa. Jaribio hili lifanywe na mwalimu, madirisha yakiwa wazi, mbali na moto, maana hidrojeni hulipuka.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kasiteriti wala asidi. Ni kweli, lakini shule isiyo na kasiteriti haikosi maada. Huko Mabira ndizi zilizokomaa hufukiwa zikaiva, na wanga wake hugeuka sukari; hilo ni badiliko la kikemia. Kisha hukamuliwa kwa nyasi zikatoa maji matamu. Hilo ni badiliko la kiumbo. Maji hayo yakiachwa pamoja na unga wa mtama, hamira huigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi, nayo ndiyo rubisi. Mwanafunzi hahitaji kuionja apate kujua kwamba povu ni dalili ya gesi, na gesi ni dalili ya kitu kipya. Shule za pwani zina chumvi na maji ya bahari, na za Ziwa Natron zina magadi.

Wengine watasema kwamba sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mifano ya nyumbani itamchanganya mtoto. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mtoto huja shuleni akiyajua mambo hayo kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Likizibwa jina lile, hufungwa pia na mlango wa fikra. Istilahi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwalimu akianza na kitu, kisha tabia zake, kisha jina lake katika lugha zote, mwanafunzi atakuwa na mahali pa kuliweka hilo neno geni.

Mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne humpa mtahiniwa chumvi isiyotajwa jina, aitambue kwa majaribio. Roho hiyo ni njema, ila huchelewa mno. Yafaa somo la kwanza la maada lianze vivyo hivyo: kitu kisicho na jina mezani, karai la maji, mizani na sumaku, na swali moja tu la mwalimu, "Mmejuaje?"