Anavuta kwa Siri, na Tumbo Linakua

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo katika vikao vyetu vya akina mama halitajwi, kana kwamba halipo: mjamzito anayevuta sigara au kubwia ugoro.

Halitajwi kwa sababu ya aibu. Mwanamume akivuta tunasema ndiyo tabia yake. Mwanamke akivuta tunasema ni mhuni. Basi hujificha chooni, kisha hufyonza pipi na kuja kliniki. Miaka mingi iliyopita nilisikia harufu ya sigara kwa mama mmoja mwenye mimba ya miezi minne, nikamgombeza mbele ya wenzake waliokaa kwenye benchi. Aliinamisha kichwa akasema ameacha. Hakuacha sigara, aliacha kliniki. Nilimwona tena siku ya kujifungua, na mtoto alikuwa na kilo 1.9. Siwezi kusema ni sigara peke yake. Lakini najua kwamba miezi yote ile hakupimwa na mtu kwa sababu ya mdomo wangu.

Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ileile itokayo kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hiyo huingia katika damu ya mama na kuchukua nafasi ya oksijeni. Nikotini nayo hubana mishipa, hata damu iendayo kwenye kondo la nyuma ikapungua. Ndiyo maana watoto wengi wa mama wavutao huzaliwa na uzito ulio chini ya kilo 2.5, au kabla ya wakati. Pengine kondo hubanduka mapema na mama akatoka damu nyingi, na wako watoto wanaofia tumboni. Wale wasemao, "Mimi sivuti, nabwia tu," wasijidanganye: ugoro hauna moshi, lakini una nikotini ileile.

Hata hivyo, sumu ile ya moshi hutoka katika damu kwa siku moja au mbili tu. Anayeacha katika miezi ya mwanzo, uzito wa mtoto wake hukaribia ule wa mtoto wa mama asiyevuta, na hata mwezi wa saba bado kuna faida. Msemo kwamba mama akiacha ghafla mtoto atashtuka si wa kweli.

Je, tumsaidieje? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linataka kila mjamzito aulizwe habari za tumbaku mapema, na tena kila ajapo kliniki. Lakini aulizwe faraghani, kwa upole. Achague siku ya kuacha, na siku hiyo pakiti na kiberiti vitoke nyumbani. Hamu ikimshika hudumu dakika chache. Anywe maji, atafune karoti, atoke nje kidogo. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, atakuwa na hasira na usingizi utampaa, kwa hiyo mumewe asimjibu kwa ukali, wala asivutie ndani. Dawa za kuachia sigara asinunue dukani bila kumwuliza mhudumu wa kliniki.

Mama wa pili niliyemgundua nilimwita pembeni. Alilia kwanza, ndipo akasema. Aliacha, akaanguka mara mbili, na mara zote alikuja mwenyewe kuniambia. Mara ya tatu mama mkwe wake, ambaye ni mbwiaji wa miaka mingi, alimpelekea jirani kopo lake la ugoro amtunzie hadi mjukuu azaliwe. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya pili bibi alilifuata kopo lake, nami nikaanza na yeye.