Na Wewe ni Nani Humo? Kazi za Wahusika Michezoni na Mipaka Tunayowawekea Watoto

Mzazi anapomkuta kijana wake ameinamia simu au kompyuta tangu alasiri, swali la kwanza humtoka haraka: "Unacheza nini?" Jibu huwa jina la kigeni lisilomwambia lolote, na mazungumzo huishia hapo. Liko swali jingine ambalo lingemfungulia mlango, nalo huulizwa kwa nadra sana: "Na wewe ni nani humo?" Katika michezo mingi ya namna hii mtoto hachezi kama yeye mwenyewe. Huchagua mtu wa kubuni, akampa jina na kumpa fani, na fani hiyo ndiyo inayoamua wenzake watamtegemea kwa jambo gani. Juma hili tuzitazame fani hizo, kwa kuwa ndani yake mna mambo yanayogusa malezi kuliko inavyodhaniwa.

Zilikotoka fani hizi

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na mwenzake Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, kupitia kampuni ndogo iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mchezo huo haukuhitaji kompyuta. Watu kadhaa huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimuliaji na mwamuzi, na kila mmoja wa waliobaki huongoza mhusika wake. Msimuliaji hueleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao, wachezaji husema wahusika wao watafanya nini, na pale penye shaka dadu hutupwa ili ijulikane kama jambo limefaulu.

Kila mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba. Hapo mwanzo kila sifa ilipatikana kwa kutupa dadu tatu, hivyo alama zilianzia 3 hadi 18. Mchezaji alikipokea alichopewa na dadu, kisha akachagua fani inayolingana nacho. Fani zenyewe zilikuwa tatu tu: mpiganaji, kuhani na mtu wa sihiri. Mwaka uliofuata, 1975, ziliongezwa nyingine, miongoni mwake mwizi, mwenye ustadi wa kunyata na kufungua makufuli. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kina fani 12, ikiwamo ya mwimbaji anayewatia wenzake moyo na ya mjuzi wa nyika anayesoma nyayo za wanyama.

Michezo ya kompyuta ilirithi mpango huo. World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, uliwazoesha wachezaji kuingia mapangoni wakiwa kikundi cha watu watano: mmoja hubeba mapigo ya adui kwa niaba ya wote, mmoja huwaponya wenzake, na watatu hushambulia. Kijana anayesema leo kwamba yeye "anaponya" au "anakinga" anazungumza lugha iliyoanzia kwenye meza ile ya mwaka 1974.

Hakuna anayejitosheleza

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba fani hizi zimetungwa makusudi ziwe na upungufu. Mtu wa sihiri wa mwanzo alikuwa dhaifu wa mwili kiasi kwamba pigo moja lilitosha kumwangusha, wala hakuruhusiwa kuvaa deraya. Mpiganaji alivaa deraya na kubeba upanga, lakini jeraha lake hakuweza kulifunga. Kuhani aliweza kuponya, ila alikatazwa silaha zenye makali. Mwizi aliufungua mlango ambao wote watatu waliushindwa, kisha vita vilipoanza akajificha nyuma yao. Kikundi cha wapiganaji watupu hufika mbali kidogo tu, kisha hukwama mbele ya kufuli. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na waliotunga mchezo huu waliigeuza hekima ya namna hiyo kuwa kanuni.

Kijana aliyecheza hivyo kwa miezi kadhaa huwa amejifunza kwamba aliye kimya nyuma ya kundi huenda ndiye aliyewaokoa wote. Hata hivyo hujifunza pia jambo lisilopendeza. Kundi likishinda, husifiwa aliyempiga adui pigo la mwisho. Likishindwa, mara nyingi lawama humwangukia mponyaji. "Ulikuwa wapi nilipokuwa nakufa?" ni lawama wanayoizoea mapema wote wanaochagua fani hiyo.

Tusiishangae lawama hiyo, kwa maana imo majumbani mwetu. Katika familia nyingi yuko mmoja aliyekabidhiwa uponyaji bila kuulizwa, na mara nyingi ni binti mkubwa. Mdogo wake akiugua, yeye ndiye anayekesha. Wazazi wakikosana, yeye ndiye anayepeleka maneno huku na huku mpaka yapoe. Mambo yakienda sawa hakuna anayemtaja, na siku moja akichelewa kurudi kutoka chuoni, nyumba nzima humuuliza alikuwa wapi. Mchezoni mponyaji anaweza kusema, "Leo nitakuwa mpiganaji, mtu mwingine aponye." Binti yetu anaweza kuyasema hayo kwa nani?

Cheo na watu walio chini yake

Jambo la pili ni wajibu. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 aliitwa Bwana, na cheo hicho kilimpa haki ya kumiliki himaya. Lakini ilimpasa kwanza ajenge ngome, kisha aondoe hatari katika eneo linaloizunguka, umbali wa maili 20 hadi 50 kila upande. Hapo ndipo alipoweza kutoza kila mkazi sarafu saba za fedha kwa mwezi. Kwa maneno mengine, kodi ilitanguliwa na usalama wa wanaoitoa. Kuhani wa ngazi za juu naye alijenga mahali pa ibada na wafuasi wakamjia. Mwizi aliyebobea aliweza kuwa na genge lake. Mtu aliyeanza safari akiwa na upanga mmoja alijikuta ana watu wanaongoja uamuzi wake.

Fani iliyofungwa kwa masharti makali kuliko zote ilikuwa ya paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo cha wema. Kwa mujibu wa kitabu hicho alipaswa kutoa sehemu moja ya kumi ya mapato yake yote, asijilimbikizie mali zaidi ya mahitaji ya maisha ya kiasi, na asimiliki zaidi ya vifaa kumi vya ajabu. Akitenda uovu kwa makusudi, heshima na uwezo wa fani yake humtoka, wala havirudi tena. Mpiganaji wa kawaida hakuwekewa sharti hilo. Aliyepewa zaidi ndiye aliyehesabiwa zaidi, na usemi wetu kwamba cheo ni dhamana ungeweza kuandikwa juu ya ukurasa ule.

Mipaka iliyofutwa

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mchezo wa mwaka 1974 haukuwapa wahusika wote njia sawa. Aliyezaliwa katika jamii ya mbilikimo wa hadithi aliruhusiwa fani moja tu, ya upiganaji, na hakuweza kupita ngazi ya 6. Wale wa jamii ya watu wadogo walikomea ngazi ya 4. Binadamu peke yake ndiye aliyeendelea bila kikomo. Kitabu cha mwaka 1978 kikaongeza mpaka mwingine: mhusika wa kike aliwekewa kilele cha nguvu kilicho chini ya kile cha mwanamume, hata kama mchezaji alikuwa na bahati ya namna gani katika dadu zake.

Mipaka hiyo iliandikwa kwa wino, ikapigwa chapa na kuchezwa na maelfu ya watu kana kwamba ni maumbile ya ulimwengu ule. Lakini ilitungwa na watu, na watu wakaifuta. Ule wa nguvu za wanawake uliondolewa katika toleo la mwaka 1989. Ule wa ngazi kwa jamii uliondolewa mwaka 2000, na tangu hapo mhusika yeyote anaweza kuongeza fani ya pili njiani akiona ile ya kwanza haimtoshi. Katika toleo la mwaka 2024 nyongeza za sifa hazitokani tena na jamii aliyozaliwa mhusika, bali na maisha aliyopitia kabla ya safari. Maisha hayo yameorodheshwa kwa namna 16, na humo yumo mkulima, baharia, mwandishi, mfanyabiashara na mlinzi. Kile alichokifanya mtu kwa mikono yake ndicho kinachomjenga.

Sasa tuitazame orodha tunayoiandika sisi. Mtoto wa kwanza amepata alama nzuri darasa la tatu, tayari ni "daktari wetu". Wa pili ni mzito wa kusoma, naye husikia mbele ya wageni kwamba "huyu si wa vitabu, tutamfungulia duka". Wa tatu hulia haraka, basi ni "dhaifu". Fani zimegawanywa kabla hawajatimiza miaka kumi, tena kwa kutupa dadu mara moja tu. Yule wa pili, akiambiwa kila mwaka kwamba ngazi yake ni ya 6, hataitafuta ya 7. Ataacha kuuliza maswali darasani, na sisi tutakuchukua kuacha kwake kuwa ushahidi kwamba tulisema kweli. Hata daktari wetu hana raha, maana amekwishajua kwamba akishindwa somo moja la sayansi atakuwa ameivunjia nyumba ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Si kosa kuona kipawa cha mtoto na kukipa jina. Hata mchezo huu huanza kwa kutazama sifa za mhusika kabla ya fani. Kosa ni kuifanya tathmini ya siku moja kuwa hukumu ya maisha. Watunzi wa mchezo walirudi kwenye kitabu chao mara kadhaa kwa muda wa miaka hamsini, wakafuta walichokiona hakifai. Mzazi naye hana budi kuirudia orodha yake, angalau kila mwaka shule zinapofungwa.

Tufanye nini nyumbani

Wapo wazazi wanaotishwa na sihiri iliyomo katika michezo hii na dadu zinazotumika. Hofu hiyo haifai kubezwa, na hukumu yake waulizwe wenye elimu ya dini, wakielezwa mchezo ulivyo: kwamba sihiri humo ni ya masimulizi, na kwamba katika kuketi kwa kawaida hapawekwi dau la fedha. Vilevile mzazi ana haki ya kuweka saa za kucheza na kuukataa mchezo wenye picha zisizofaa. Lakini anayekataza asichokijua hujibiwa kwa kufichwa, na mtoto anayecheza kwa kujificha huwa amekosa msimamizi.

Kwa hiyo muulize kijana wako maswali manne. Mhusika wako ana fani gani? Anaweza nini ambacho wenzake hawakiwezi? Ni jambo gani asiloliweza, na nani humsaidia? Kundi likishindwa, nani hulaumiwa? Msikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza kwa mawaidha. Utashangaa jinsi mtoto asiyesema neno juu ya shule anavyoeleza kwa ufasaha kwa nini alichagua kuwakinga wengine, au kwa nini amechoka kuponya.

Kisha muulize la tano, linalohusu nyumba yenu: "Hapa kwetu wewe tumekupa kazi gani, na je, ndiyo unayoitaka?" Jibu lake huenda lisikufurahishe. Lipokee hivyo hivyo, na kama ni yule binti anayewaponya wote, jioni hiyo mwambie akae, wewe ukaoshe vyombo.