Joho la Babu na Shuka ya Merikani



Mwezi uliopita binamu yangu wa Columbus alinipigia simu kuniomba joho la babu. Vijana wetu wa Louisville wanaandaa jioni ya utamaduni wa pwani, na sehemu moja ya jioni hiyo itakuwa maonyesho ya mavazi ya wanaume wa karne ya 19: askari na mwungwana. Joho lile, kama wengi wenu mjuavyo, liko kwangu hapa Tonawanda, ndani ya sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, limekunjwa pamoja na kilemba, mahazamu, na ala ya jambia ambalo lenyewe lilipotea zamani. Binamu alidhani tutazungumzia gharama za posta tu. Nikamwomba anipe muda. Tangu siku ile jamaa wamegawanyika, na kwa kuwa maneno yangu yamekwisha kusambazwa simuni nusunusu, naona ni bora niyaandike hapa yote.

Rai yangu ni hii: joho liende Louisville, lakini lisiende peke yake. Litakaposimamishwa, kando yake isimamishwe shuka ya merikani, vazi la mwanamume mtumwa, na kando ya hiyo iwepo kanzu na kofia ya yule aliyekuwa mtumwa kisha akawa huru. Pasipo hizo mbili, joho litasema uongo mbele za watu.

Sipingi kuvaliwa kwa mavazi ya kale. Sisi tunaoishi huku magharibi ya jimbo la New York tunajua jinsi Wamarekani wanavyoyapenda. Nenda majira ya joto kwenye ngome ya kale ya Niagara, mwendo mfupi wa gari kutoka kwangu, utakuta wanaume wazima wamevaa sare za vita vya 1812, vita vile vile vilivyoiteketeza Buffalo mwezi Desemba 1813. Wamo waliovaa nyekundu ya Waingereza na wamo waliovaa buluu ya Wamarekani. Hujishonea wenyewe, hubishana juu ya idadi ya vifungo na upana wa kola, na mtoto akiwauliza jambo humjibu kwa subira. Nauheshimu uangalifu huo. Ila nimejifunza pia kwamba nguo yaweza kuwa sahihi kwa kila uzi wake, na hadithi yake ikabaki pungufu.

Tulitazame basi vazi la mwungwana wa Unguja wa zama zile. Ndani ni kanzu nyeupe ndefu, na kwa mwenye uwezo ilikuwa ya kitambaa chepesi laini. Juu ya kanzu ni kizibao, na kiunoni mahazamu yaliyofungwa kwa ustadi, ambamo jambia huchomekwa katikati, mpini ukielekea juu. Juu ya yote ni joho, la sufu au bushuti, lenye zari pembeni mwa kifua. Kichwani kilemba, miguuni makubadhi, mkononi upanga au bakora. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichovaliwa kwa ajili ya baridi. Pwani yetu haina baridi ya kuhitaji sufu. Kila kitu kilikuwa neno. Aliyepita njiani alisomwa kabla hajafungua kinywa.

Neno kubwa kuliko yote ni lile tunalolitumia leo bila kulifikiri. Mwungwana, kwa asili ya neno, hakuwa mtu mwenye adabu njema tu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Kwa hiyo tukisimamisha vazi la mwungwana ukumbini, tumekwisha kumtaja mtumwa, tupende tusipende. Swali ni kama tutamwonyesha au tutamficha.

Na askari je? Kabla ya 1877 walinzi wa Sultani wengi wao walikuwa Mabulushi na Washihiri, waliovaa nguo za kwao na kubeba silaha za kwao. Mwaka huo Sultani Barghash alimkabidhi Lloyd Mathews, ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza, kazi ya kuunda jeshi jipya la Waafrika, wenye sare na mazoezi ya Kizungu. Hivyo katika mji ule ule, katika miaka ile ile, Mwafrika mmoja alipewa koti lenye vifungo ashike zamu bandarini, na mwingine alipita mbele yake amebeba mzigo, kichwa wazi, miguu pekupeku, kiunoni kipande cha merikani.

Hiyo merikani ndiyo inayonigusa zaidi, mimi ninayeandika haya Marekani. Tangu mapatano ya 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya nchi hii, majahazi ya Salem yaliileta Unguja pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, yakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Wazee wakaiita kwa jina la ilikotoka. Mwaka 1840 Sayyid Said alimtuma Ahmad bin Na'aman kwa jahazi la Sultanah hadi New York, bandari iliyokuwa ikitajirika kwa biashara ya Mfereji wa Erie, mfereji huu huu unaopita hapa kwetu Tonawanda kuelekea Mto Niagara. Huko mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad akiwa na kilemba chake na mavazi yake ya heshima. Picha ile hupendwa sana na jamaa zetu, na ni haki yao kuipenda. Lakini shehena ya merikani iliyorudi Unguja ilikuwa imefumwa kwa pamba ya kusini ya Marekani, iliyochumwa na watumwa, na ikaenda kuwasitiri watumwa wengine katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Uzi mmoja, watumwa wa pande mbili za dunia. Joho la babu lilinunuliwa kwa fedha za karafuu zile. Wazee walikuwa wakilisema hilo wazi, kwa fahari. Sisi ndio tulioacha kulisema.

Sasa nije kwenye kofia. Katika Unguja ya zama zile mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Kichwa wazi na mguu mtupu vilikuwa alama yake, kama joho lilivyokuwa alama ya bwana. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa ilipotoka Unguja mwezi Aprili 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, watu waliotoka utumwani hawakungoja kuambiwa wavae nini. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki wakajifunga kanga za rangi. Kanzu ambayo leo twaiita vazi la mababu zetu ilichukuliwa na watu wale kwa makusudi, ikawa yao kwa haki kubwa kuliko yetu, kwa maana sisi tuliirithi nao waliipigania.

Watu wa Louisville hawatahitaji maelezo marefu kulielewa hilo. Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa lililobaki ndani ya Muungano, na utumwa haukufutwa huko mpaka mwisho wa 1865. Hata hivyo zaidi ya wanaume weusi 23,000 wa jimbo hilo waliingia jeshi la Muungano, miongoni mwa wapatao 180,000 wa nchi nzima. Mwanamume aliyelala mtumwa alivaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba akawa huru, na kwa sheria ya Machi 1865 mkewe na wanawe wakawa huru pamoja naye. Kule Delaware, kaskazini ya Columbus, kilikusanywa mwaka 1863 kikosi cha weusi wa Ohio. Koti lile kwao lilikuwa kama kofia kwa mtu wa Ng'ambo ya Unguja. Na ni mji huo huo wa Louisville ulioiondoa mwaka 2016 sanamu ya ukumbusho wa wanajeshi wa Kusini, iliyokuwa imesimama tangu 1895. Kwa miaka 121 vazi la upande mmoja lilisimama juu ya nguzo, na waliokuwa wakipita chini yake walijua limeacha nini. Je, sisi twataka kuweka nguzo kama ile, hata kama ni kwa jioni moja tu?

Fikirini pia ni nani watakaoketi ukumbini. Louisville, Columbus na Buffalo zina watu wetu wengi: Wakongomani, Warundi, Wasomali, na miongoni mwao wale wanaoitwa Wabantu wa Somalia, walioanza kupokewa nchi hii kwa wingi tangu 2003. Mababu zao walichukuliwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa kaskazini katika biashara iliyokuwa na kitovu chake Unguja. Baadhi yao hadi leo wanazungumza Kizigula. Mzee wa namna hiyo akiingia, akamkuta kijana wetu amesimama na joho na upanga chini ya maandishi yasemayo "Utamaduni wa Waswahili", atasoma vazi lile kama mababu zake walivyolisoma. Hatasema neno, kwa sababu ni mgeni mwalikwa na ana adabu. Kimya chake ndicho ninachokiogopa.

Ami yangu, ambaye namheshimu kama baba, aliniambia: "Mwanangu, aibu ya nyumba haianikwi uwanjani." Namjibu kwa unyenyekevu kwamba wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai. Akaongeza kuwa watumwa wa nyumbani kwetu walikuwa kama ndugu, walikula sahani moja na wenyewe. Huenda kweli walikula. Lakini ndugu hakatazwi kofia. Wengine wamenikumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nawaomba wautazame tena msemo huo na neno lake la mwisho, wajiulize ulitungwa na nani na ulisikika vipi masikioni mwa aliyekuwa mtumwa kweli.

Vijana nao wananiambia nimelifanya zito jambo jepesi. Ni maonyesho tu, watu wafurahi, wapigwe picha. Sikatai furaha. Mavazi yale ni mazuri, na kijana aliyezaliwa Ohio ana haki ya kujiona mzuri ndani yake. Lakini uzuri hauharibiki kwa kuambiwa ukweli. Ukiharibika, basi haukuwa uzuri.

Lipo na jambo la mwisho, nalo ni letu wenyewe. Katika daftari la nasaba aliloliandika baba, majina ya wanaume yamepangwa fulani bin fulani mpaka yanafika Oman. Kwenye kizazi cha nne, mahali pa jina la mama, pameandikwa neno moja: suria. Halina jina, halina kabila, halina nchi. Si sisi pekee. Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria Mhabeshi, na hakuna aliyemwondolea usultani kwa hilo. Ile amri ya 1897 iliwaacha masuria nje. Iliwabidi kungoja amri nyingine ya 1909. Bibi yetu yule aliishi nyumba moja na joho hili. Yamkini ndiye aliyelikunja, akalifukiza udi, akamvika mwenyewe siku ya Idi. Tunaposimama tukasema hili ni vazi la mababu zetu, tunakuwa tumemfuata mmoja wa wazazi wetu na kumvua mwingine. Shuka ya merikani ninayoiombea nafasi ukumbini ni ya watu wengine, na ni yetu pia.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimekwenda dukani hapa Tonawanda nikanunua pamba isiyopaushwa, nikaikata mikono minne, kipimo cha shuka cha wazee. Haina mshono wala pindo. Nimeikunja nikaiweka juu ya joho, ili atakayefungua kifurushi aikute kwanza. Kanzu na kofia nimewaachia vijana wazitafute kwa mzee mmoja wa huko atakayekubali kuviazima na kueleza mwenyewe babu yake alivivaa lini na kwa nini. Binamu amekubali, ingawa ami bado hajanipigia simu.

Nina ombi moja kwenu jamaa, mlioko Muscat, Mombasa, Unguja na kwingineko. Mwenye kulijua jina la bibi yule wa kizazi cha nne, aliyelisikia kwa wazee hata mara moja, hata kama ni jina la utani, aniandikie. Nafasi yake daftarini bado iko wazi, na kalamu ninayo.