Ukingo wa Chuma na Ahadi ya Ajira

Kando ya barabara ya Bagamoyo, kutoka Bunju hadi Kerege, vijana hukata vyuma kwa moto wa gesi. Kwa geti na dirisha, ufundi huo unatosha. Kwa bomba la mafuta au gesi yenye salfaidi ya hidrojeni, hautoshi. Ukingo uliokatwa kwa moto hupoa upesi na kuwa mgumu. Hidrojeni hupenya humo, na chuma hupasuka bila onyo. Ndiyo maana kiwango cha ISO 15156 huuwekea ugumu huo mpaka, na fundi mjuzi huusaga ukingo hadi sehemu iliyogumuka iishe. Kashagan, nchini Kazakhstan, ilianza kuzalisha mafuta Septemba 2013, ikasimama mwezi uliofuata kwa mabomba kupasuka, ikarejea mwaka 2016.

Sheria yetu ya Petroli ya mwaka 2015 inataka huduma za Watanzania zitangulizwe. Lakini sheria haimpi fundi kipimo cha ugumu wala mwalimu wa kukifafanua. Serikali ivifikishe vyote viwili karakanani. Vinginevyo, mabomba yatapita katika ardhi yetu, na vijana wetu wataajiriwa kuyalinda tu.