Wikiendi Hii Mpeleke Pugu kwa Baiskeli

Mwezi huu tunaachana na habari za bichi, kitimoto na muvi za usiku. Tunapanda baiskeli. Na sisemi ile ya kuzunguka mtaani jioni kutafuta mishikaki. Nasema ya kuingia msituni na kupanda vilima, wewe na mwandani wako, matairi yamejaa vumbi na fulana zimeloa jasho.

Najua mambo yanavyoanza. Mtu anashuka Kariakoo, winga anamdaka kabla hajavuka Msimbazi: "Bosi, baiskeli? Ya milimani? Ina gia kibao!" Nusu saa baadaye anatoka na mtumba unaong'aa, na picha imeshatua kwenye grupu la WhatsApp. Swali la tunaendesha wapi linakuja baadaye, wakati ndilo lilitakiwa kuja mwanzo. Maana Kariakoo yenyewe unaijua, hata mtu wa miguu anapita kwa ubavu.

Hapo kwenye "wapi" ndipo wapendanao wengi wanapochemsha. Namfahamu kaka mmoja, mtu wa maofisini hapa mjini, aliyemwambia mchumba wake, "Wewe njoo tu, nimeshapanga kila kitu." Kumbe alichopanga ni Morogoro, kupanda Uluguru kuelekea Morningside, na dada wa watu hajagusa pedali tangu shule ya msingi! Kona ya tatu tu kaka haonekani. Amefika juu huko, kakaa jiweni, anajipiga picha. Dada akafika anaikokota baiskeli, pumzi juu juu, na kaka ambaye ameshapumzika vya kutosha akasema, "Haya, twende." Hebu fikiria. Mwenye nguvu ndiye anayepumzika, aliyechoka akifika mapumziko yamekwisha. Dada aligeuza baiskeli, akateremka peke yake mpaka mjini, akapanda basi la Dar. Pete ilikaa kwenye droo wiki mbili. Alipoulizwa na wifi yake, wala hakuuzungumzia mlima. Alisema, "Kiwanja kaamua yeye, tarehe ya harusi kaamua yeye, halafu kila mahali ananisubiri huko mbele kama vile nimechelewa."

Ndiyo maana nasema njia ichaguliwe na mguu utakaochoka kwanza. Si mwenye baiskeli nzuri, si mwenye kifua. Yule wa kuchoka kwanza aseme anataka kwenda umbali gani, na akiwa njiani yeye ndiye atangulie ili mwendo uwe wake. Mwenye nguvu akae nyuma na abebe maji ya wote wawili. Kama ana nguvu nyingi sana, abebe na pampu.

Lakini huo mguu wenyewe mtaujuaje? Kariakoo ni tambarare, haikufundishi kitu. Jumapili alfajiri, kabla magari hayajaamka, tokeni zenu Mnazi Mmoja mpite Posta mpaka Kivukoni na kurudi, kuzoea gia na breki tu. Wiki inayofuata jaribuni mwinuko wa Chuo Kikuu. Watu husahau kwamba chuo kile kilianza mwaka 1961 hapa hapa Mtaa wa Lumumba, ndipo mwaka 1964 kikahamia kule kilimani, na jina la Mlimani halikutolewa kwa utani. Mkipanda pale mara mbili bila kushuka kwenye baiskeli, na bado mnaongea vizuri, Pugu inawahusu.

Sasa Pugu. Wengi wa mjini wanaijua kwa mnada wa ng'ombe, basi. Lakini pale kwenye vilima vya Kisarawe, kilomita kama 25 kutoka katikati ya jiji, kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa mikubwa kabla ya mkaa na mashamba. Bado wamo nyani, ndege wa kila aina, na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Yapo pia mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, ambayo sasa ni makazi ya popo. Na kuna jambo moja hunifurahisha: Mto Msimbazi, huu huu unaotufungia Jangwani kila mvua ikikolea, unaanzia kwenye vilima hivyo. Ukiona mvua imenyesha Pugu jana, usishangae Jangwani leo.

Uzuri wa Pugu kwa wanaoanza ni kwamba vilima vyake si virefu. Havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mwinuko unakubana, halafu unakuachia, mnapata nafasi ya kucheka. Ukishindwa unashuka unakokota, hakuna aibu. Fika getini, lipia, kisha waulize wahifadhi njia gani siku hiyo inafaa baiskeli na ipi ni ya miguu tu. Usijitungie njia kati ya miti, unaharibu miche na unaweza kupotea kweli. Mkiweza chukueni mwongozaji. Malipo ya serikali siku hizi yanakwenda kwa kontroli namba, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio, usianze kumwomba mwenzio mbele ya watu.

Kabla hamjaingia, ulizeni kitu kimoja ambacho wageni hawaulizi: njia hii inaanza kwa kushuka au kwa kupanda? Mteremko wa mwanzo ni mtamu, mnashuka mnapiga kelele za furaha, kumbe kila mita mnayoshuka mtailipa mkirudi, jua likiwa utosini na maji yamebaki nusu chupa. Njia nzuri ya siku ya kwanza ni ile inayokupandisha mkiwa wapya na kukurudisha kwa mteremko. Kama ni ya kushuka kwanza, kubalianeni saa ya kugeuza mkiwa bado getini. Saa, siyo mahali. Mkisema "tugeuzie kwenye ule mti mkubwa" mtaukuta mti mwingine mkubwa zaidi mbele.

Udongo nao una tabia zake. Kwenye mchanga, punguza upepo kidogo kwenye matairi, weka gia nyepesi, kaa nyuma kwenye siti na usikate usukani ghafla. Kwenye ule udongo mweupe ukilowa, hata aliyezoea anateleza kama amekanyaga sabuni, na tope likinasa kwenye cheni ndiyo mmeishia hapo. Machi mpaka Mei, wakati wa masika, mimi ningeacha. Juni mpaka Septemba ndiyo raha yenyewe, kuna ubaridi kidogo na njia imekauka. Mteremkoni usiibane breki ya mbele peke yake, utaruka juu ya usukani mwenzio akiangalia. Tumia zote mbili, kidogo kidogo.

Tatizo kubwa la Pugu, kusema kweli, haliko msituni, liko njiani. Zamani barabara hii iliitwa Pugu Road, leo ni Barabara ya Nyerere, na jina limekaa sawasawa: Mwalimu alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Francis kule Pugu huku akiijenga TANU hapa mjini, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955. Lakini enzi zake hapakuwa na malori ya mizigo yakikimbizana na daladala na bodaboda. Sitaki kusikia mmeendesha kutoka Gerezani mpaka Pugu pembeni ya lami ili muonekane wababe. Kodisheni kirikuu. Baiskeli mbili zinalala nyuma vizuri mkiweka magodoro ya zamani au maboksi katikati, gharama mnagawana, tena mkiwa wanne ndiyo rahisi zaidi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Na mwambie dereva awafuate saa sita mchana, si jioni. Foleni ya Gongo la Mboto inaweza kuyafuta mapenzi yote mliyoyapata msituni.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kofia ngumu ni lazima, na usinunue iliyopasuka hata kama winga anaapa kwa mama yake. Kabla ya kulipia baiskeli, inyanyue, zungusha matairi uone kama rimu inayumba, bana breki zote mbili, badilisha gia kutoka nyepesi mpaka nzito. Fundi wa mtaani akukague kwa elfu kadhaa, ni nafuu kuliko hospitali. Halafu siti: mpime kila mtu urefu wake. Dada wengi wanaambiwa hawana mazoezi kumbe wanaendesha siti iliyowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Chukueni tyubu ya akiba, viraka, maji zaidi ya mnavyodhani, na ndizi. Ndizi hazina mpinzani.

Mkishaizoea Pugu, hapo sasa zungumzeni Uluguru. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 hivi juu ya bahari na Morningside iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo jiulizeni wenyewe ni mpando wa namna gani. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inawafikisha Moro kwa chini ya saa mbili, ila ulizeni mapema utaratibu wa mizigo kabla hamjafika stesheni na baiskeli begani. Wengine huona heri kukodi baiskeli huko huko.

Na Lushoto? Aah, Lushoto ni kitu kingine. Usambara ina baridi, ina njia za vijijini zinazopita kwenye mashamba ya kabichi na maharage, ina msitu wa Magamba juu yake, na watu wa kule hawashangai baiskeli. Ila ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita 33 za kona juu ya kona, pandeni kwa gari, baiskeli zianzie juu. Inataka siku tatu, si moja, na nyumba ya kulala yenye blanketi zito. Anzeni kuchanga sasa hivi, na atakayechoka kwanza ndiye apige simu ya kuweka chumba.