Umeme wa Fils 2 ni Ruzuku ya Nani?

Mwaka 1966 serikali ya Kuwait iliweka bei ya umeme wa majumbani kuwa fils 2 kwa uniti, yaani chini ya senti moja ya Marekani. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2016, bunge lilipopitisha sheria ya kupandisha bei, nyumba za raia ziliachwa na bei ile ile. Waliopandishiwa ni pamoja na majengo ya kupangisha, ambamo ndimo wanamoishi wafanyakazi wageni.

Watetezi wa bei hiyo hudai kwamba mafuta ni mali ya umma, hivyo umeme rahisi ni njia ya kuwagawia wananchi haki yao. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini haina ukweli. Ruzuku ya namna hii haimfuati mwenye shida. Inamfuata mwenye matumizi. Mwenye jumba kubwa, viyoyozi vikinguruma hata katika vyumba visivyolala mtu, ndiye anayechota zaidi katika hazina ya taifa. Kibarua aliyelijenga jumba hilo juani anarudi kulala katika chumba cha kupanga, ambako uniti ina bei ya juu zaidi! Je, huko ndiko kugawana?

Hasara haiishii hazina. Umeme wa Kuwait karibu wote unafuliwa kwa kuchoma mafuta na gesi. Hatumlaumu mtu kwa kujipoza katika joto la nyuzi 45. Tunalaumu bei inayomwambia kwamba kupoteza hakuna gharama. Matokeo yake ni zaidi ya tani 20 za hewa ukaa kwa kila mkazi kwa mwaka, wakati wastani wa dunia haufiki tani 5. Na Juni 2024 mitambo ilielemewa, umeme ukakatwa kwa zamu.

Isidhaniwe kwamba tunashangilia kila shoka linaloangushwa juu ya ruzuku. Sudan ilipandisha bei ya mafuta kwa ghafla Septemba 2013. Watu waliandamana na wengi wakauawa kwa risasi. Jordan, ilipoondoa ruzuku ya mafuta Novemba 2012, ilizilipa familia za kipato cha chini fedha taslimu. Ghasia zilitokea hata hivyo, lakini angalau mnyonge alikumbukwa. Kuwait ina akiba inayozishinda nchi hizo mbili kwa mbali. Inaweza kuzigawia familia fedha kwa usawa, wageni wakiwemo, kisha ikauza umeme kwa gharama yake halisi.

Kwa miaka mingi kisingizio kilikuwa bunge. Bunge hilo lilivunjwa Mei 2024. Sasa anayezuia ni nani?