Maoni: Akwariamu nyumbani, mimea iingie kwanza, samaki wafuate

Mtu wa Goma, Bukavu ao Uvira anapopata akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, kwanza anatafuta samaki. Kisha anatafuta pompi na taa. Mimea inakuja mwisho kama pambo, na mara nyingi ni ya plastiki. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Katika miji ambako umeme unakatika bila kuaga, mimea hai ndiyo inapaswa kuingia kwanza, na mashine ibaki kuwa msaada tu.

Sababu iko ndani ya maji yenyewe. Samaki anapokula, anatoa uchafu. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki, unageuka kuwa amonia, sumu inayounguza mashavu ya samaki. Bakteria wanaoishi juu ya mchanga, juu ya mawe na ndani ya chujio wanaibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Lakini bakteria hao wanahitaji majuma 4 mpaka 6 ili waongezeke vya kutosha. Mwenye kujaza tangi siku ya posho na kutia samaki 20 siku ya yenga anawaweka katika maji yasiyo na ulinzi wowote. Wakifa kabla ya juma kuisha, atasema muuzaji alimpa samaki wagonjwa.

Umeme ukikatika, mambo yanazidi. Pompi inasimama, maji hayapiti tena katika chujio, na baada ya saa kadhaa bakteria waliomo wanaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Mmea hautegemei waya. Unakula amonia na nitrati kama vile lengalenga inavyokula mbolea shambani, na mchana unatoa oksijeni ndani ya maji. Mmarekani Diana Walstad alieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1999: udongo wa kawaida wa bustani chini, mchanga juu yake, mimea mingi, samaki wachache, na mashine kidogo sana. Njia hiyo inafaa zaidi kwa mtu wa Kivu kuliko kwa yule ambaye umeme wake haukatiki.

Wapo watakaosema kwamba wakati huu, familia nyingi zikiwa zimekimbia vita, kuzungumzia majani ndani ya kioo ni kuwacheka watu. Neno hilo si la kudharau. Hakuna anayepaswa kupunguza chakula cha mtoto ili anunue tangi. Lakini mwenye tangi tayari anapoteza franka zake kwa mashine zinazozimika na samaki wanaokufa. Huyo akianza na mimea, anaokoa pesa.

Tena kuna shule. Mtoto wa Uvira anafundishwa kwa mchoro wa ubaoni namna jani linavyotoa oksijeni, na ziwa liko karibu na dirisha la darasa. Bokali moja la kioo lenye maji na tawi la mmea wa majini, likiwekwa penye mwangaza, litamwonyesha vipovu vikipanda kutoka kwenye majani. Somo hilo halihitaji hata samaki mmoja.

Jambo lingine linauma. Samaki wa ziwa Tanganyika wanajulikana sana katika sebule za Ulaya. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekaa Bujumbura, aliwasafirisha wakiwa hai na kuandika kitabu juu yao mwaka 1978. Na Anubiasi, mmoja wa mimea inayouzwa zaidi kwa ajili ya akwariamu duniani, asili yake ni misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, lakini leo unakuzwa kwa wingi katika vitalu vya Asia na kwingineko. Watu wa mbali wanavijua vitu hivi kuliko watoto wa mahali vinapotoka.

Ni mimea gani ya kuanza nayo? Mitatu inatosha, na yote inavumilia maji yenye madini mengi kama ya Kivu na Tanganyika, ambayo pH yake inakaribia 9. Wa kwanza ni Seratofilamu, unaofanana na mkia wa paka na unaopatikana karibu dunia nzima. Hauna mizizi, unaachwa uelee tu, na kipande kikikatika kinakuwa mmea mpya. Kwa kuwa unakula haraka kile kilicho ndani ya maji, ndio mlinzi wa majuma ya kwanza. Wa pili ni Valisneria, wenye majani marefu kama utepe, ambao unaota pia katika Tanganyika. Huo unapandwa mchangani, lakini pale majani yanapoanzia pabaki juu, pakizikwa, unaoza. Wa tatu ni Anubiasi. Shina lake nene halizikwi kabisa, linafungwa kwa uzi juu ya jiwe mpaka mizizi ishike. Hapo mtu wa Goma ana bahati: makoro, yale mawe ya volkano yaliyojaa matundu, yanashika mizizi vizuri, na yanaokotwa bure.

Kazi yenyewe si ngumu. Fundi wa vioo anaweza kutengeneza tangi la litre 60, na liwekwe juu ya meza imara, kwani maji peke yake yana kilo 60. Chini wekwa udongo wa bustani usio na samadi wala mbolea ya dukani, unene wa sentimeta 2 ao 3, kisha mchanga ulioshwa mpaka maji yake yatoke meupe, unene kama huo. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika beseni wazi siku nzima kabla ya kutiwa. Mimea ipandwe kwa wingi siku ya kwanza, siyo vijiti 2 vya kutazamisha. Tangi liwe karibu na dirisha lakini jua lisilipige moja kwa moja, la sivyo maji yatageuka kijani kama supu. Mwangaza wa saa 6 mpaka 8 kwa siku unatosha mwanzoni.

Baada ya hapo, kungoja. Majani kadhaa yatakufa, nayo yaondolewe. Hiyo ni kawaida kwa mmea uliohamishwa. Majani mapya yakianza kutoka, mizizi imeshika. Baada ya majuma 4 hivi waingie samaki 2 ao 3 wadogo, kisha wengine taratibu, wasizidi 6 katika litre 60. Idadi hiyo si woga. Usiku mmea nao unatumia oksijeni, na tangi lililojaa samaki linaweza kukosa hewa kabla ya asubuhi. Chakula ni kidogo, mara moja kwa siku. Kila juma robo ya maji inabadilishwa, yaani litre 15, haifiki bidoni moja. Hata kwa anayeteka maji mbali, maji yale hayapotei: yamwagwe kwenye bustani, sombe itashukuru.

Kuna hatari ambazo hazipaswi kufichwa. Ya kwanza ni malaria. Maji yaliyotulia bila samaki ni kitanda cha mbu, na majuma 4 yanatosha kabisa kwa mayai kuwa mbu wenye mabawa. Kwa hiyo tangi ao bokali lifunikwe kwa kipande cha chandarua tangu siku ya kwanza. Ya pili ni kichocho, ambacho wengi wanakiita bilarzia: vijidudu vyake vinatoka katika konokono wa maji baridi, na konokono hupanda juu ya majani. Ya tatu ni kolera, ambayo miji ya kando ya maziwa haya inaijua vizuri mno. Mtoto asitumwe ziwani kung'oa mimea. Mtu mzima anayeichukua asiingie majini ovyo, aikague jani kwa jani, aondoe konokono na mayai yao yanayofanana na ute, kisha aiweke katika ndoo ya pekee, iliyofunikwa, kwa majuma 2 na kuikagua tena. Ndoo na beseni za akwariamu zisirudi jikoni. Mikono inawe kwa sabuni kila mara.

Hatari ya mwisho haimpigi mwenye tangi, inapiga ziwa. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini. Tangu miaka ya 1950 limeusumbua mto Kongo, ambako watu walilipa jina la Kongo ya sika, na baadaye likafunika ghuba za ziwa Victoria. Halifai nyumbani hata likitolewa bure. Ziwa Kivu nalo lina mafunzo yake. Sambaza waliletwa kwa makusudi kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha watu wengi. Lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana katika Kivu, na sasa anaishi humo pamoja na sambaza. Ziwa likishapokea kiumbe, hairudishi.

Ndiyo maana mwenye kuchoka na akwariamu yake asiimwage ziwani wala mtoni. Mimea ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha izikwe katika parsele. Samaki wapewe mfugaji mwingine. Anayeona sharti hilo ni zito afadhali asianze.

Kwa anayelikubali, gharama ya mwanzo ni ndogo: kioo, udongo, mchanga, mimea mitatu na mwezi mmoja wa subira. Subira hiyo ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama asubuhi, baada ya usiku bila umeme, samaki watakuwa wanaogelea ao wanaelea.